Ubeti Uliobaki Oklahoma

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba, mwaka 1996, umande ukiwa bado haujakauka katika vilima vya Newport, jimbo la Tennessee, Orpha Ledbetter alimfunga mumewe, Delbert, mkanda wa kiti cha mbele, akamweka kofia sawasawa kichwani, kisha akaingia kiti cha nyuma na kalamu zake za risasi.

"Haya, mwanangu," alimwambia binti yake, "washa gari kabla sijaingiwa na woga."

Twyla hakuwasha. Aliushika ufunguo mkononi na kumtazama mama yake katika kioo. "Mama, daktari alisema nini?"

"Alisema baba yako asichoke."

"Na California iko wapi?"

"Iko mbali. Lakini yeye atakuwa amekaa. Aliyekaa anachokaje?"

Delbert akageuza uso upande wa dirisha na kutamka neno lake. "Salale!"

Hilo ndilo neno pekee alilobakiwa nalo. Kiharusi kilimpiga mwezi Machi, kikamlegeza mkono wa kulia na kumfutia maneno yote kinywani, isipokuwa mshangao huo aliozoea kuutoa zamani alipoona mvua ya mawe au ushuru wa barabara. Sasa akiwa na njaa, ni salale. Amekasirika, ni salale. Akimwona mkewe asubuhi alisema salale kwa sauti ya chini iliyomtosha Orpha kama salamu kamili.

Kabla ya hapo Delbert alikuwa dereva wa malori makubwa. Alichukua samani katika viwanda vya Carolina, akazivusha nchi nzima hadi Los Angeles, akarudi na machungwa au lori tupu. Katika safari hizo alitunga shairi. Hakuliandika mahali popote. Alilitunga akiendesha, ubeti huu mtoni, ubeti ule jangwani, na kila alipopita mahali pa ubeti aliusema tena kwa sauti ili usipotee. Majirani waliomsihi awakaririe barazani aliwajibu, "Hilo ni la barabarani. Hapa sina magurudumu." Watu walicheka wakamwacha.

Orpha hakucheka. Mwaka 1962 mtoto wao wa kwanza, Arvil, aliugua homa ya ubongo na kufariki akiwa na umri wa miaka sita. Delbert alikuwa magharibi ya mbali. Habari ilimfikia kwa simu katika kituo cha malori huko Oklahoma, na mtoto akazikwa baba akiwa hayupo, maana mwezi Mei katika milima ile maiti haikungoja. Aliporudi, Delbert alikwenda makaburini peke yake, akarejea, akala, akalala. Orpha hakuona chozi. Mwaka mmoja baadaye uchungu ulimzidi, akamtupia maneno katikati ya jiko: "Wewe ni mtu au gogo? Mwanao amekufa, hata machozi huna?"

Delbert alijibu kwa upole: "Nilimlilia njiani. Yumo ndani ya shairi."

Kiburi kilimzuia Orpha kusema, "Basi niambie." Siku ikapita, na mwaka ukapita. Akamzaa Twyla, akamlea, akazeeka akiwa na swali lile moyoni kama kijiwe katika kiatu: alisema nini? Alipokaribia kuliuliza, mwenye jibu akapokonywa ulimi.

Tumaini lilirudi kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Siku Delbert alipotolewa hospitali, gari lilivuka daraja la mto wa mji, ambalo sakafu yake imemwagwa zege kwa vipande. Magurudumu yalipogonga maungio, ta-tam, ta-tam, ta-tam, mtu yule asiyeweza kuomba maji alifungua kinywa akakariri mistari miwili ya shairi lake bila kukwama. Daraja likaisha, lami ikaanza, akanyamaza. Mkufunzi wa usemi alieleza kwamba maneno ya kawaida na maneno ya wimbo hayakai chumba kimoja kichwani, na kwamba chumba cha pili huenda kilisalimika. Hakuahidi kuwa kingesalimika milele. Daktari naye alisema wazi kwamba kiharusi cha pili mara nyingi hufuata cha kwanza.

Ndiyo sababu Orpha aliamua safari ifanyike mwezi ule, kabla ya theluji. Aliutaka ubeti wa Arvil. Nyingine zingekuja au zisije; ule aliutaka kabla ya mmoja wao kufa, awe yeye au Delbert.

Tena sasa aliweza kuandika. Hadi alipofika miaka sitini hakuwa akijua herufi. Kwao watoto wa kike walitolewa shuleni wakachume tumbaku. Alipokwisha kuwalea wote waliohitaji kulelewa, alijiunga na darasa la watu wazima katika chumba cha chini cha kanisa, akakaa na wazee wenzake kwenye viti vya watoto wa shule ya Jumapili. Mwalimu wao, Bi Imogene, aliwafundisha hivi: "Andika unachosikia. Makosa tutayafuata baadaye, hayakimbii."

Twyla alikuwa ameleta kinasa sauti ili kumpunguzia mama yake kazi. Delbert alipokiona tu alifumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa, wala hakuufungua mpaka chombo kile kilipofungiwa kwenye buti ya gari pamoja na mizigo.

"Sawa, Baba, umeshinda," Twyla alisema. Akawasha gari.

*

Msomaji mpya ana ugonjwa mmoja: hawezi kupita andishi bila kulisoma. Kuanzia Newport hadi Nashville, Orpha alisoma kila kibao kilichosimama kando ya njia.

"Punguza mwendo. Kaa kulia. Piki… hapana, pisi… Twyla, hiyo ni nini?"

"Ni pichi, Mama. Wanauza pichi."

"Oktoba hii, msimu umekwisha? Waongo. Yesu Anakuja. Mafuta na Kahawa. Choo, maili mbili."

"Mama, basi jamani! Hata cha choo unanisomea?"

"Ulipokuwa mdogo ulinisomea vibao hivi hivi ukinicheka kwamba sijui. Nilinyamaza. Leo zamu yako."

Twyla alicheka, na hata Delbert akatikisa mabega.

Lami ya Tennessee ilikuwa laini na Delbert alikaa kimya siku nzima. Siku ya pili walifika Memphis, na mbele yao mto Mississippi ukatanda, mpana, rangi ya kahawa yenye maziwa. Daraja lilipoanza kugonga chini ya magurudumu, Delbert aliinua kidevu. Sauti iliyotoka haikuwa ya mgonjwa. Ilikuwa ya dereva anayeongea na lori lake:

*Mto mpana navuka, lori limebeba viti,*
*maji ya tope yacheka, hayanijui kwa dhati,*
*ng'ambo taa zinawaka, na mimi sina wakati,*
*viti vya watu naweka, nyumbani sikai kiti.*

Daraja lilikwisha. Kalamu ya Orpha ilikuwa bado kwenye "maji ya tope".

"Yameshakwenda!" alilia. "Twyla, geuza!"

"Kugeuza wapi, Mama? Hili ni daraja!"

"Kila daraja lina ncha mbili. Geuza."

Twyla aligeuza. Walirudi Memphis, wakavuka tena, na Delbert akausema ubeti ule ule bila kukosea herufi, kama mtu anayepita mlango aliouzoea. Mara ya tatu Orpha aliupata wote. Aliuandika nyuma ya karatasi ya mezani aliyoichukua mgahawani asubuhi, ile wanayotandika chini ya sahani, kwa sababu daftari la darasani lilikuwa na mistari ya karibu mno kwa mkono wake unaotetemeka garini. Tangu hapo, kila walipokula aliomba karatasi za ziada.

"Mpenzi," mhudumu mmoja wa Arkansas alimwambia huku akimmiminia kahawa, "mayai hujayamaliza, lakini karatasi zangu unazila kweli kweli."

"Mume wangu anatunga mashairi," Orpha alijibu kwa fahari ambayo yeye mwenyewe hakuitarajia.

Mhudumu akamtazama Delbert, aliyekuwa akipambana na mkate na mchuzi mweupe kwa mkono wa kushoto. "Hivi? Basi niambie moja la mapenzi, baba."

"Salale," Delbert alisema.

"Hilo naliamini," akasema mhudumu, akamwongezea mchuzi.

Arkansas ilikuwa na zege nyingi, na beti zilikuja: ubeti wa mpunga ulioinama, ubeti wa dereva mwenzake aliyeungua, ubeti wa mbwa aliyengoja kituoni mwaka mzima. Orpha aliandika hadi kidole kikaota sugu. Lakini akiandika, moyo wake ulikuwa mbele, Oklahoma.

*

Siku waliyopita magharibi ya Oklahoma, jua lilikuwa kali na anga limepanuka pande zote bila kilima cha kulizuia. Ngano ya msimu mpya ilikuwa imechipua, kijani kibichi juu ya udongo mwekundu. Orpha aliketi ukingoni mwa kiti chake, karatasi gotini, kalamu imechongwa. Barabara kuu ilikuwa imewekwa lami mpya, nyeusi, nyororo kama kitambaa kilichopigwa pasi. Magurudumu hayakutoa hata mnong'ono.

Delbert alianza kuhangaika. Alisogea kitini, akaangalia kulia nje ya dirisha, akapiga kioo kwa kiganja. "Salale. Salale!"

"Choo, Baba?" Twyla aliuliza. "Kinakuja, vumilia."

"Salale!" Akapiga tena.

"Barabara ya Zamani," Orpha alisoma kibao kidogo cha rangi ya udongo kilichopita mbio.

"Mama, sasa hivi sina nguvu za vibao. Baba anataka choo."

Waliposimama kwenye kituo, Delbert alikataa kushuka. Aliketi akiitazama njia waliyotoka, na uso wake ukaanguka kama wa mtu aliyefika stesheni treni ikiwa imeondoka. Walipoendelea hakupiga kioo tena. Saa iliyofuata mbele yao likasimama bango kubwa la kuwakaribisha Texas.

Orpha hakulisoma kwa sauti.

"Simamisha gari," alisema.

Twyla alitoka kwenye lami na kusimama kando. Alikuwa amechoka, kiwanda cha kusindika nyanya alikofanya kazi kilimpa ruhusa fupi, na mgongo ulimuuma. "Mama, nakujua. Usiniambie turudi."

"Turudi."

"Tumepita! Umekaa na kalamu toka Oklahoma City, hakusema kitu. Pengine ubeti wenyewe umeshafutika. Pengine…" Alimtazama baba yake, akapunguza sauti. "Pengine haukuwepo, Mama. Pengine alikuambia vile ili ugomvi uishe."

Maneno hayo yalimchoma Orpha mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa amejichoma miaka mingi. Hakukasirika. Alizisoma tena akilini herufi za kibao kile cha Barabara ya Zamani, moja baada ya moja, kama Bi Imogene alivyowafundisha.

"Wewe umezaliwa mwaka gani?"

"Sitini na nne. Kwani hunijui?"

"Barabara hii kuu imejengwa lini hapa?"

Twyla aliitazama lami nyororo mbele yao.

"Ni rika lako," Orpha alisema. "Umeikuta na unadhani ndiyo njia yenyewe. Baba yako alipopigiwa simu ile, hii lami haikuwepo. Alipita kwingine. Alikuwa anatuonyesha, na sisi tukampeleka chooni."

Delbert aligeuza kichwa taratibu, akamtazama mkewe.

Twyla aliweka paji la uso kwenye usukani kwa muda. Kisha akageuza gari.

*

Barabara ya zamani ilikuwa ng'ambo ya seng'enge, sambamba na ile kuu, njia nyembamba ya zege iliyofifia rangi, majani yakiota katika maungio yake. Hapakuwa na gari jingine. Waliingia kwa kupitia kijiji chenye ghala moja la nafaka na kituo cha mafuta kilichofungwa miaka mingi, mlango wake umepigiwa mbao. Walipokipita kituo kile, Delbert alivua kofia kwa mkono wake mzima na kuiweka gotini.

Ta-tam, ilisema barabara. Ta-tam. Ta-tam.

"Ongeza mwendo kidogo," Orpha alinong'ona. "Fanya mwendo wa lori."

Twyla aliongeza. Mapigo yakakaa sawa, na Delbert akaanza:

*Saa nne nasimama, lori liko ukingoni,*
*kwetu, milimani, nyuma, wamshusha kaburini…*

Kalamu ya Orpha ilivunjika ncha. Akaitafuta ya pili. Sauti ya mumewe ilikwenda mbele, mstari juu ya mstari, na zege ikakatika ghafla palipotiwa kiraka cha lami, na sauti ikakatika nayo.

"Umeandika?" Twyla aliuliza. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Nimeandika 'saa nne'."

Twyla hakulalamika. Aligeuza gari kwenye lango la shamba, akarudi hadi ghala la nafaka, akaanza upya. Hakuweza kupunguza mwendo, kwa maana mwendo ukipungua maneno yalikatika kama uzi. Basi walikwenda na kurudi, wakaenda na kurudi, kwenye kipande kile kifupi cha zege kati ya ghala na kiraka, gari la familia moja likilima mtaro mmoja chini ya anga lile pana. Delbert hakuchoka. Kila mara alianza pale pale na kusema yale yale, na kila mara Orpha alichuma maneno machache zaidi, kama mtu anayeokota punje zilizomwagika. Makosa hayakimbii, alijiambia. Maneno ndiyo yanayokimbia.

Jua lilipoanza kulala upande, alikuwa amepata yote. Twyla alizima gari kando ya shamba la ngano. Orpha akaweka kidole chini ya neno la kwanza na kusoma kwa sauti, polepole, kama asomavyo darasani:

*Saa nne nasimama, lori liko ukingoni,*
*kwetu, milimani, nyuma, wamshusha kaburini,*
*kichwa wazi natazama, ngano tupu mashambani,*
*namngoja mwana mwema apite barabarani.*

*Gari la kwanza lakuja, likaona, likatua,*
*la pili nalo langoja, na kofia wanavua,*
*wasimama kwa pamoja, jina hawakulijua,*
*na jeneza halikuja, pakabaki tu na jua.*

Hakuna aliyehitaji kueleza. Katika milima yao, kama ilivyo katika sehemu nyingi za kusini, msafara wa mazishi ukipita magari yote husogea pembeni na kusimama hadi mfiwa wa mwisho apite. Hata mlevi husimama. Hata mwenye haraka ya kujifungua husimama. Delbert, aliyekuwa mbali na maziko ya mwanawe, alikuwa ameliegesha lori lake hapa saa ile ile ya kuzika, akavua kofia, akasimama juani amngoje mtoto apite. Na madereva waliokuja nyuma yake, watu wa nchi hii wasiomjua, walimwona wakadhani msafara unakuja. Wakasogea. Wakasimama naye wakingoja maiti aliyekuwa katika jimbo lingine.

Orpha alishuka garini. Alitembea hadi ukingoni, viatu vyake vikikanyaga majani makavu, akasimama ameelekea mashariki. Miaka yote ile alikuwa amemnunia mtu aliyesimama hapa. Alijaribu kulia, kilio hakikuja. Kilichokuja kilikuwa uzito, kama wa mtu aliyetua ndoo baada ya safari ndefu na mikono bado inadhani imeibeba.

Twyla alikuja akasimama kando yake.

"Mama, mbona hukumuuliza?"

"Niliogopa asije akawa hana cha kunijibu."

"Na yeye mbona hakusema?"

"Nilimwita gogo."

Twyla alisema bila hasira, "Mimi nimekulia katika nyumba ya watu wawili walionyamaza. Nilidhani ndivyo nyumba zilivyo."

Orpha alimshika mkono. Gari la mkulima lilipita, na dereva akainua kidole kimoja kutoka usukani, salamu ya watu wa huko, akaenda zake. Hakujua, na hapakuwa na haja ajue. Waliporudi garini walimkuta Delbert amekaa wima, kofia bado gotini, mashavu yamelowa.

"Nimeusikia," Orpha alimwambia. "Delbert, nimeusikia wote."

*

Walifika California. Beti nyingine zilikuja New Mexico na Arizona, pale zege ilipokuwepo, na nyingine zilibaki chini ya lami ambako hakuna atakayezifukua. Orpha hakuzihuzunikia kupita kiasi. Ila Twyla aliona kwamba mama yake hakuwa akisoma vibao tena. Alikuwa ameinamia karatasi za mezani, anaandika, anafuta, anahesabu kwa vidole, midomo ikicheza.

"Unaandika nini? Baba hajasema kitu toka Flagstaff, kule Arizona."

"Tazama barabara, binti."

Katika jangwa la Mojave walisimama kula chini ya kibanda cha kivuli kilichojengwa kwa ajili ya wasafiri, mkate wa mahindi na maharage baridi, upepo ukipuliza vumbi la chumvi. Hapo Orpha alizishikiza karatasi kwa chupa ya maji na kumwambia mumewe, "Ulisimama ukangoja, na hukuona kilichokuwa kikitendeka upande wangu. Sikuwahi kukuambia. Sikia sasa." Kisha akasoma, kidole chini ya neno, mashavu yakiwaka kama ya mwanafunzi mbele ya darasa:

*Kwetu mvua yanyesha, jeneza nalifunika,*
*viatu nilimvisha, vya ngozi, visivyochoka,*
*nyimbo zote zikaisha, nami bado sijatoka,*
*mume wangu, leo tosha: amepita, amefika.*

Twyla aligeuka akawapa mgongo, akajifanya anatazama gari.

Delbert alisogeza chakula pembeni. Aliweka vidole viwili juu ya meza ya mbao na kugonga, ta-tam, ta-tam, akiwa amemkazia mkewe macho. Orpha alielewa kwamba anaambiwa arudie. Akarudia. Akagonga tena, naye akarudia tena, mpaka mistari minne ile ikakaa juu ya mapigo yake sawasawa, isiyumbe, kama mzigo uliofungwa vizuri.

Delbert Ledbetter alifariki Februari iliyofuata, kitandani mwake. Msafara wake ulipopita Newport magari yalisogea pembeni, watu wakavua kofia. Mwezi Mei, siku ya kuyapamba makaburi, jamaa wote wakiwa wamekusanyika mlimani na maua na vyakula, Orpha alisimama kati ya kaburi la baba na la mwana akasema beti zote kwa kichwa, zake yeye na za Delbert, bila karatasi.

Beti hizi hazimo kitabuni. Zimefika hapa kwa kutoka kinywa hadi kinywa, na zimekufikia wewe. Usizifungie. Kama nyumbani mwako au kwa jirani yako wapo wawili walionyamaziana juu ya msiba mmoja, wasomee; na kama hawajui kusoma, zishike moyoni uwakaririe, nao wawape wengine.